Siku Mbili

Mwaka wa tatu wa udaktari, mjini Kutaisi,
niliweza kuchora kingamwili nimefumba macho:
herufi Y, mikono miwili juu,
kama mtu aliyesalimu amri.
Profesa Gulnazi akanipa tisini na nne kwa mia,
akaandika pembeni kwa wino wa kijani: "Safi sana."
Zile sita sikuuliza zilikwenda wapi.

Chanjo ilifika Machi, ndani ya jokofu la kuazima,
ikawekwa zahanati ya chuo, mlango wa pili
baada ya duka la fotokopi.
Foleni ilikuwa ya fotokopi.

Sisi si wajinga, tuliambiana.
Tunasubiri tu.
Lasha alisubiri utafiti mwingine,
na ukitoka, angesubiri wa kuupinga.
Tekle alisubiri ile aina nyingine, inayosemwa ni laini.
Badri aliugua Novemba, akawa anatembea
na Novemba yake mfukoni kama cheti.
Pikria hakusema kitu. Alikunja mkono wa sweta,
akauteremsha tena.
Nami nilisubiri nimwone mmoja wetu akitangulia.
Tungekuwa kondoo, tungeshavuka mto.

Likaja dodoso, karatasi moja, maswali kumi na manne.
La tisa: "Je, umechanjwa?"
Kalamu ilikwenda yenyewe kwenye "Ndiyo",
vile mguu unavyokijua kidato cha nyumbani gizani.
Wiki iliyofuata hesabu ikabandikwa ukutani:
kati ya kila kumi wetu, wanne.
Nikasimama mbele ya ile nne
nikijua kuna mtu wa karatasi humo ndani.

Njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilipanda lifti inayokula sarafu
hadi ghorofa ya saba, mlango unaotazamana na wetu,
kwa Eteri, mjane, mshona mapazia,
anayepumzika mara mbili akitoa takataka.
"Wewe unayesoma mambo haya," aliniuliza,
sindano ya kushonea imechomekwa kwenye kola,
"wewe mwenyewe umechanja?"

Ningeweza kusema "bado".
Neno lenyewe herufi nne,
mtu hulibeba bila mfuko.
"Nimechanja," nikasema.
"Basi," akasema Eteri,
akafunga mlango kama anayefunga hesabu.

Jumanne akavaa koti lake la misibani,
maana ndilo zuri alilo nalo,
akaenda hospitali kwa miguu, akipumzika kila kona,
akakalia kiti cha plastiki robo saa nzima
akiwaambia wauguzi, bila kuulizwa:
"Binti wa jirani ni daktari. Yeye kesha."

Jioni akanigongea.
Mkate wa maharage juu ya sahani, umefunikwa kitambaa,
na mkono wa kushoto ameubana ubavuni
kama kuku mwenye bawa bovu.
"Unauma," alisema, bila lawama.
"Wako uliuma siku ngapi?"

Nikatazama mkate.
Mvuke ulikuwa unakiinua kitambaa, unakishusha.
Vitabuni: siku moja hadi tatu.
Nikachukua ya katikati.
"Siku mbili."
"Mbili," akarudia, akaiweka akiba.

Asubuhi nililipita duka la fotokopi.
Muuguzi alikuwa anafuma soksi.
Hakuuliza nilikuwa wapi tangu Machi.
Pamba, baridi ya spiriti,
nikaanza kuitaja kwa Kilatini misuli atakayoipita;
ni mmoja tu, na nilipoumaliza
alikwisharudi kwenye soksi yake.

Kiti cha pili kilikuwa na Pikria,
mkono wa sweta umekunjwa, macho ukutani.
Hatukusalimiana.
Nadhani ndani ya ile nne
tulikuwa tumebanana.

Wangu uliuma siku tatu.
Siku ya tatu Eteri alinikuta kwenye lifti,
akauinua mkono wake juu kabisa,
akauzungusha hewani, akacheka hadi akakohoa.
"Mbili! Kama ulivyosema, daktari."
Nikatia sarafu yake na yangu.
Kwa mkono wa kulia.